Kilio cha Dafrosa Mlangoni mwa Wodi

Dafrosa alikuwa mfuaji wa mashuka katika hospitali ya mgodi, Mpanda, miaka ile ya hamsini, na mdomo wake haukuwa na pazia. Sisi wauguzi tulimpenda hivyo hivyo. Alikuwa Mnyamwezi wa Ugalla, mjane asiye na mtoto, na kila aliyelala wodini alimhesabu wake.

Mwaka mmoja tuliletewa Fabiani, daktari mwanagenzi kutoka Karema. Mwalimu wake alikuwa Mzee Bartolomeo, mganga wa hospitali wa siku nyingi, Mfipa mwenye mkono mwepesi na moyo mgumu. Kijana alizungushwa usiku na mchana. Akiketi kidogo, aliitwa mvivu.

"Mie nilifundishwa hivyo hivyo, na sikufa," mzee alisema.

Wengi wetu tuliitikia kwamba ndiyo kazi. Upuuzi mtupu!

Ijumaa moja Fabiani alimwambia Dafrosa kuwa amechoka. Kesho gari litamrudisha Karema, akavue migebuka ziwani na baba yake. Dafrosa hakulala kwa huruma. Nani angethubutu kumsihi Bartolomeo? Lakini Mnyamwezi na Mfipa ni watani, na mtani hakasirikiwi.

Asubuhi mzee alimkuta Dafrosa amejilaza mlangoni mwa wodi, kanga kiunoni, akilia kilio cha msiba.

"Uwii! Wafipa wameua daktari wetu! Gari la Karema linakuja kuchukua maiti!"

"We Mnyamwezi, pisha njia!"

"Sipishi, mtani! Nyie mmeua, nyie mtazika. Lete sanda, mie nitaifua!"

Wodi nzima tuliangua kicheko, wagonjwa wakishika mishono yao. Bartolomeo naye alicheka mpaka akafuta macho, kisha akageukia benchi la wodini alipoketi Fabiani, amwite wacheke pamoja.

Fabiani alikuwa amelala, kichwa ukutani, bado ameshika bandeji ya mgonjwa. Kelele zote zile hazikumwamsha. Mzee alimwita, akamtikisa bega. Kichwa kikaanguka kifuani. Dafrosa aliinuka sakafuni, na sasa machozi yake yalikuwa ya kweli.

Kijana akashusha pumzi ndefu, akageuza shingo, akaendelea kulala.

"Mie hakuna aliyenililia," Bartolomeo alisema taratibu.

Akavua koti lake jeupe, akamfunika, akaenda kusafisha vidonda mwenyewe. Na gari la Karema lilipopiga honi nje, mzee yule alitoka mbio kulinyamazisha.