Dawa ya mama mkubwa ilivyoua saratani kwenye kisahani

Wakuu, habari za humu. Haya yamenikuta mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu. Wenye haraka mtanisamehe.

Nnafanya kazi maabara hapa Unguja. Tuna mradi wa kupima miti shamba, tuone kama ina kitu kinachoua seli za saratani. Sisi tunatayarisha sampuli, zinapimwa Bara kwenye visahani vyenye seli hai, majibu yanarudi kwetu.

Sasa mama mkubwa wangu, Bi. Mwanakheri wa Jambiani, mkulima wa mwani, ana saratani ya titi. Alianza dripu za dawa ya saratani hospitali, zikamnyonyoa nywele na kumtapisha. Akawa anachemsha majani fulani, anakunywa.

Jina la mti silitaji, na msinifuate inbox.

Alipojua kazi yangu akaniletea chupa nzima. "Mkapime, mwanangu, mnambie."

Harufu ya karafuu niliisikia, lakini jamani, Unguja hapa nani anashtuka kwa harufu ya karafuu? Tukaituma.

Majibu yakaja: seli za saratani zimekufa karibu zote. Nkampigia mwenzangu simu kwa furaha, mama yangu yuko pembeni anasikiliza. Sijakata simu, habari ishafika Jambiani.

Mama mkubwa akaacha hospitali. Siku yake ya dripu ikapita, yeye yuko pwani anafunga mwani. Daktari alishatuonya kuwa akikatiza, uvimbe utarudi kwa kasi. Nkimsihi anacheka tu. "Si mmepima wenyewe?"

Niliogopa, wakuu. Yule ndiye aliyenilea.

Tukarudia kipimo. Safari hii tulichuma majani wenyewe, tukayatuma peke yake. Hakuna kitu. Seli zote ziko hai.

Nkaenda Jambiani, nkamkuta barazani anasuka ukili wa mkeka. Nkamwamkia, kisha nkamuuliza ile chupa aliitia nini.

"Majani, na karafuu konzi nzima."

"Karafuu za nini, mama mkubwa?"

"Majani yale machungu, tena yananuka. Ntawapelekea watu wa mjini kitu kama kile wakinywe?"

Kumbe alidhani kupima ni kuonja. Kwamba tutakaa maabara na vikombe, tunywe, tumwambie dawa yake nzuri. Nlicheka mpaka machozi, halafu machozi yakawa ya kweli.

Akaniuliza, "Basi inayoponya ni karafuu?"

Nkamwambia la. Tumeijaribu pia peke yake, na kwa ukali ule imeua seli mbovu na nzima pamoja. Kwenye kisahani hata sabuni ya unga itaua saratani, lakini hatuinywi.

Akaulaza ukili mapajani. Kisha akasema taratibu, "Nkirudi hospitali watanigombeza?"

Kumbe hilo ndilo lililokuwa linamzuia siku zote zile, na mimi nlikuwa nabishana naye habari za seli.

"Hawakugombezi. Ntakwenda na wewe."

"Basi ngoja nivae."

Wakuu, mkisikia mmea umeua saratani, ulizeni umeulia wapi, kwenye kisahani au mwilini mwa mtu. Na mgonjwa wako akiacha hospitali, punguza kubishana, msindikize. Mliouguza, wenu mliwarudishaje? Semeni, kuna mtu humu yatamfaa.

Mimi hapa niko nje ya wodi, yeye yuko ndani na dripu yake. Kaniachia chupa ya chai niwapelekee wenzangu wa maabara.

Kasema hii tusipime, tunywe.