Bundi Wenye Miwani

Watu wa hospitali walimwita Mama Shuka, na wageni walidhani Shuka ni jina la mtoto wake wa kwanza. Hakuwa na mtoto. Alikuwa na cherehani mbili, moja ya umeme na nyingine ya kukanyaga, na chumba kirefu cha ushonaji nyuma ya chumba cha dobi. Humo, kwa miaka ishirini na mitatu, alitia viraka shuka za wodini, akapinda mapazia, akarudisha vifungo kwenye makoti ya madaktari. Chumba kilinuka sabuni na pasi ya moto. Dirisha lilitazama tangi la maji na ukuta, basi.

Saa ya mapumziko ungemkuta amevua viatu, miguu juu ya kigoda, anafuma bundi. Hakufuma vitambaa vya meza wala kofia, ingawa wauguzi walimsihi. Alianza na kitanzi kidogo cha uzi wa sufu, akakivuta kwa sindano ya kroshia, akazunguka na kuzunguka mpaka kikawa kifuko kinachoenea kiganjani. Alikishindilia vipande vya shuka kuukuu, zilizokatwakatwa laini, kisha akabana mdomo wa kifuko ukawa bapa, na zile pembe mbili zilizobaki juu zikasimama kama masikio. Vifungo viwili vikawa macho. Mdomo aliudarizi kwa uzi wa rangi ya chungwa. Mwisho alikunja waya mwembamba, akamvisha bundi miwani.

Watu walimcheka kidogo. Bundi ni ndege ambaye wengi hawamtaki hata juu ya paa la jirani. Yeye alijibu tu kwamba wa kwake hawalii, na akaendelea.

Hakuwaambia kwamba bundi wa kwanza alimfuma akiwa na miaka kumi na tisa, kwa ajili ya mdogo wake wa kiume.

Mama yao alifariki mtoto akiwa hajaanza shule. Baba alikuwa dereva wa lori, mtu wa kurudi nyumbani na mfuko wa nguo chafu na kuondoka na mfuko wa nguo safi. Kwa hiyo dada ndiye aliyelea. Yeye ndiye aliyemfundisha mdogo wake kufunga kamba za viatu, na yeye ndiye aliyeitwa shuleni mwalimu alipogundua kwamba mtoto hanakili ubaoni bali daftarini kwa jirani, kwa sababu ubao hauoni. Alipimwa macho, akapewa miwani nene kama vitako vya chupa. Wiki hiyo hiyo darasa zima likamwita Bundi. Mtoto akaanza kuificha miwani ndani ya kiatu na kurudi nyumbani amegonga kila nguzo.

Dada hakwenda kugombana na mtu. Alikuwa amefundishwa kufuma na jirani mmoja, mke wa seremala, akakaa siku mbili na uzi wa kijivu mpaka akatoa kindege chenye miwani.

"Sasa mko wawili," alimwambia. "Wakiita, itikeni wote."

Mtoto akamtia bundi kwenye mkoba. Kesho yake walipomwita, aliitika, kisha akamtoa mwenzake naye akaitika kwa sauti nzito. Wenzake wakacheka, kila mtu akataka kumshika, na baada ya siku chache mchezo ukawachosha. Miwani ikabaki usoni.

Alikua, akajifunza kuchomelea vyuma, akapata kazi ng'ambo kwenye karakana ya meli akiwa na miaka ishirini na miwili. Kila Jumapili alipiga simu. Alizungumza habari za baridi, za msimamizi wake mwenye kelele, za jinsi alivyounguza wali. Dada alisikiliza akiwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda cha yule mdogo wake, kwa sababu simu ilishika vizuri chumba kile.

Kisha baba akaugua. Ugonjwa ulimchukua wiki tatu. Dada alimpigia mdogo wake siku ya msiba, akiwa kwenye korido ya hospitali, na yeye akasema mkataba haumruhusu kuondoka, amejaribu, amepiga magoti.

"Kama huwezi kuja kumzika baba," dada alisema, "basi usinipigie tena."

Akakata. Jumapili iliyofuata alikaa kwenye ukingo wa kile kitanda na simu mapajani, akiwa ameshapanga namna ya kuipokea: kwanza aiache ilie mara tatu, kisha aseme haloo kama mtu aliyekuwa na shughuli. Haikulia. Haikulia Jumapili ya pili wala ya kumi. Mwezi wa nne alimeza kiburi, akapiga yeye. Namba ilikuwa haitumiki tena. Wenzake wa zamani hawakujua alikohamia.

Miaka tisa ikapita hivyo. Kila mwezi alibadilisha shuka za kitanda ambacho hakuna aliyekilalia. Barabarani, akiona mwanamume mwenye miwani nene, miguu ilimfuata yenyewe hatua tano, sita, kabla akili haijamrudi. Siku moja alishuka kituo kisicho chake kwa sababu ya shingo ya mtu. Mtu alipogeuka, alikuwa na miaka kama kumi na sita, mdogo kuliko hata yule aliyeondoka. Hapo ndipo alipotambua kwamba hajui tena anamtafuta mtu wa umri gani.

Na kila hamu ilipomzidi, alifuma. Bundi walijaa kabatini, wakahamia juu ya cherehani.

Mlango wa tatu kutoka kwake ulikuwa wa fundi miwani wa kliniki ya macho, mtu mrefu mwenye utani mwingi. Asubuhi moja alikuja mbio.

"Mama Shuka, niazime huyo mgeni wako wa miwani. Nina binti kule ameitupa miwani yake mara tatu. Ya nne nitalia mimi."

Alimwazima. Binti alimtazama bundi, akaichukua miwani yake sakafuni, akaivaa, na bundi hakurudi. Tangu siku hiyo kila mtoto aliyepewa miwani ya kwanza aliondoka na bundi. Fundi miwani alitundika wengine dirishani kwake kama pazia, safu tatu. Bibi mmoja aligoma kuingia.

"Jamani, bundi wote hawa, tena hospitalini?"

"Hawa ni wa shuka, Bibi," alisema fundi miwani. "Ndani yao kuna usingizi wa watu tu."

Bibi akaingia. Alipotoka, aliomba wawili.

Mfanyabiashara aliyemletea fundi miwani vioo alizunguka miji mingi na sanduku lake. Naye akawapenda. Akaomba watatu, akasema atawatundika kwenye maduka ya wateja wake, wapendezeshe kaunta. Mama Shuka akampa, akasahau.

Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi. Fundi miwani alisimama mlangoni na simu mkononi, na safari hii hakuwa na utani.

"Kuna mtu yuko kwenye duka la miwani, huko mji mwingine. Ameona bundi kaunta, akaomba namba yangu. Ananiuliza nani anawafuma. Nilipomwambia akanyamaza, nikadhani simu imekatika. Lakini bado yupo."

Mama Shuka aliipokea. Alisikia mtu anavuta pumzi, akajua kabla ya neno.

"Dada."

Alikaa juu ya rundo la shuka. "Uko wapi?"

Akautaja mji. Mama Shuka aliujua. Gari lililoleta bendeji hospitalini lilitoka huko. Ni mwendo wa saa nne kwa basi.

"Umekuja kutembea?"

"Ninaishi hapa. Nina mwaka wa tatu sasa."

"Mwaka wa tatu."

"Ndiyo, Dada."

"Saa nne kwa basi."

Kisha mdogo wake akasema, taratibu, "Uliniambia nisipige."

"Nilikuambia. Siku zote ulikuwa mtoto usiyesikia. Siku hiyo ndiyo uliyochagua kusikia?"

Alieleza kwamba mara mbili alifika stendi na tiketi mkononi, akarudi. Kwamba mara moja alifika mpaka getini kwa dada yake, akasikia sauti yake ndani, akashindwa kubisha. Mama Shuka alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alimrudishia fundi miwani simu bila kuaga, akaendelea kupinda pazia alilolianza.

Wiki nzima hakugusa uzi. Fundi miwani alikuja Jumanne, akakaa kwenye kigoda chake.

"Hasira ni haki yako," alisema. "Ila nina watoto wawili kesho na dirisha limebaki tupu."

"Miaka yote nimemlilia mtu aliye mbali," alisema Mama Shuka. "Kumbe hakuwa mbali. Nimebadilisha shuka kila mwezi, na yeye analala saa nne kutoka hapa."

Fundi miwani alibaki pale mpaka mapumziko yalipoisha, na labda hilo ndilo lililosaidia, kwa sababu jioni Mama Shuka alikwenda kwa msimamizi wake, mama mmoja mkali mwenye moyo mzuri, akaomba siku tatu.

Kwenye stendi ya ule mji alishuka akitafuta miwani nene. Alipita watu wengi, na mmoja wa aliowapita akasema nyuma yake, "Dada."

Miwani yake siku hizi ni myembamba. Ndevu zake zilikuwa na mvi. Walishikana mikono, wakabaki wameishikilia, kila mmoja akimtazama mwenzake kama anayesoma maandishi madogo.

"Umenenepa," alisema mdogo mtu.

"Na wewe umezeeka bila ruhusa yangu."

Aliishi nyuma ya karakana yake ya kuchomelea, na mke mpole na binti wa miaka sita. Walimketisha Mama Shuka kwenye kiti kizuri, wakamtilia chai kwenye kikombe ambacho bado kilikuwa na karatasi ya dukani chini yake. "Jisikie nyumbani," mdogo wake alimwambia, na neno hilo lilimchoma kuliko ile miaka mitatu. Ni mgeni tu anayeambiwa hivyo.

"Msalimie shangazi," mke alimwambia mtoto aliyejificha nyuma ya mlango.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone."

Akatoa bundi. Mtoto alimgeuza huku na huku.

"Kwa nini amevaa miwani? Haoni?"

"Anaona sana."

"Mimi nilitaka paka."

Mama yake alitamani ardhi immeze. Mama Shuka alicheka mpaka akashika mbavu, na mdogo wake akamtazama kwa mara ya kwanza bila woga.

Lakini chakula kilipoandaliwa, ilimjia huzuni ambayo hakuitegemea. Alimtazama mwanamume huyu anakula, anamega polepole, anamwongeza mkewe, na akamkumbuka mdogo wake. Akiwa amekaa naye meza moja, alimkumbuka. Yule aliyemsubiri miaka tisa, mwembamba, mwenye kelele, aliyeunguza wali, hakuwepo tena popote pa kwenda kumchukua. Alimeza tonge na maji.

Siku ya pili, mchana, alimfuata karakanani. Mdogo wake alikuwa ameinamia geti la mtu, cheche zimetulia. Aliuliza bila kuinua uso:

"Baba alisema nini mwisho?"

Mama Shuka alitafuta mahali pa kukaa, akakaa kwenye debe la rangi. Hili ndilo lililomleta, wala si hasira.

"Alikuulizia. Nikamwambia nitakuita. Akasema, mwacheni mtoto afanye kazi, msimwite, atakuja akipata nafasi. Alisema hayo siku mbili kabla hajafa. Kwa hiyo siku ile nilipokupigia, nilikuwa nimeshaambiwa. Nilijua baba amekuruhusu. Nikakunyima ruhusa yake kwa sababu nilikuwa peke yangu kwenye ile korido, na nilitaka mtu wa kumlaumu. Nisamehe."

Mdogo wake alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, muda mrefu, mpaka ikawa wazi kwamba haifuti. Alipoivaa tena alisema, "Angekuwa hai angetuchapa wote wawili."

"Wewe kwanza."

"Mimi kwanza," alikubali.

Mdogo wake aliwasha mashine, na dada akakaa pale pale amegeuza uso pembeni ili cheche zisimuumize macho, akisikiliza.

Siku ya tatu, basi lilikuwa la saa nane mchana. Asubuhi hiyo mtoto alikuja na uzi mweusi aliomwomba mama yake, akauweka mapajani mwa shangazi yake. Mama Shuka akaanza paka. Mtoto akataka kufuma mwenyewe. Akapewa sindano, akakaza kila kifundo mpaka uzi ukagoma kupita, wakafumua, wakaanza upya, wakafumua tena. Kufikia saa sita paka alikuwa na sikio moja na shingo imepinda.

Mama Shuka alitoka uani, akampigia msimamizi wake, akaomba aongezewe siku.

"Ngapi?" msimamizi aliuliza. "Shuka za wodi ya watoto zimefika hapa juu, Mama."

Hakuwa amefikiria idadi. Aliiweka simu kifuani, akachungulia dirisha la jikoni. Mdogo wake alikuwa anaosha vikombe, mgongo umemwelekea.

"Ananiuliza siku ngapi," alisema.

Maji yaliendelea kutiririka. "Mwambie wiki," alijibu mdogo wake, bila kugeuka, akachukua kikombe kingine.