Televisheni Ambayo Haikuwashwa Mezani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kitambaa cha kufutia vumbi na televisheni kumi na moja. Nilizihesabu kwa macho, zikawa kumi na moja. Nikazihesabu tena kwa kuzishika, zikawa kumi. Ile ya mwisho, iliyowekwa juu kabisa karibu na dirisha la barabarani, ilikuwa boksi tupu. Nikamfuata Meneja wa Tawi, nikamwamkia, nikamwambia kuna boksi halina kitu ndani.

"Marahaba," akasema bila kuinua kichwa. "Umejuaje?"

"Nimelinyanyua."

"Wateja huwa wananyanyua?"

"Hapana. Wanatazama tu."

"Basi na wewe futa vumbi, mama."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazi ya kuuza televisheni hapa Ifakara. Niliifanya miaka ishirini na sita, na sidhani kama nilijifunza jambo kubwa kuliko lile la siku ya kwanza.

Zilikuwa enzi za televisheni za chogo, zile zenye mgongo mrefu ambazo mtu mmoja hakuweza kuzibeba bila kujitafutia ngiri. Meneja yule, pamoja na boksi lake tupu, alikuwa na sheria moja nzuri: kuwasha mezani. Maana yake, televisheni haitoki dukani mpaka itolewe kwenye boksi, iwekwe juu ya meza, ichomekwe umeme na iwake nusu saa nzima mteja akiiangalia. Unajaribu picha, sauti, rimoti na matundu yote ya nyuma. Kioo unakipitishia rangi moja moja, nyeupe, nyekundu, nyeusi, kwa sababu doa linalojificha kwenye nyekundu hujitokeza kwenye nyeupe. Baada ya hapo mnajaza fomu ya makabidhiano, ambayo ina sehemu iliyoandikwa "Imewashwa mbele ya mteja", na pembeni yake vyumba viwili, Ndiyo na Hapana. Unaweka tiki, mteja anaweka sahihi. Ikiharibika baada ya hapo, kila mmoja anajua ilitoka nzima.

Mwaka wa tano nilihamishiwa Ruaha, kwenye tawi la wafanyakazi wa miwa. Meneja Msaidizi wa kule alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache aliyatoa kama anakatwa kwenye mshahara. Wateja wetu walikuwa wametoka kila mkoa, na nilikuja kuona kwamba wote walitunza maboksi. Ukiingia nyumba zao utakuta boksi la televisheni juu ya kabati, limefungwa kamba vizuri, linangoja siku ya kurudi kwao. Huku kwetu Ifakara, bondeni, boksi halimalizi wiki, linalelea vifaranga. Halafu televisheni ikizima, kampuni inasema waranti haifanyi kazi bila boksi, na mteja anakuja na boksi lenye kinyesi cha kuku. Nimepokea mengi ya namna hiyo. Nilikuwa nayapiga kofi, nayageuza, nayatuma Dar es Salaam.

Miaka sita baadaye nilirudishwa Ifakara kukaa kwenye meza ya waranti. Watu wakaanza kuniita Mama Waranti, jina ambalo halikuongeza kitu kwenye mshahara.

Vijana huniuliza mpaka leo televisheni inunuliwe wapi. Nawaambia wahesabu nauli mara mbili. Kariakoo bei iko chini, sikatai. Unatoa nauli ya kwenda, unarudi na televisheni kwenye buti la basi imelaliwa na gunia la mtu, na unajiona mjanja mpaka siku itakapogoma kuwaka. Hapo unaanza nauli ya pili ya kuirudisha, na ile ya tatu ya kwenda kuulizia. Za kuagiza kwa simu ni hivyo hivyo, ila hizo hata sura ya muuzaji huijui, huna hata wa kumnunia. Duka la karibu linakuzidishia bei, lakini unajua mwenye duka anasali wapi na anakunywa chai wapi. Hiyo nayo ina thamani yake. Ila duka la karibu lisilokubali kuwasha mezani halina tofauti na Kariakoo. Limesogezwa tu.

Kuhusu waranti, ile ya kiwanda ya mwaka mmoja unapewa na bei, chukua. Shida ilianza alipokuja Mkaguzi wa Kanda na kitu kipya kinachoitwa waranti ya nyongeza. Unalipia zaidi siku ya kununua, unaongezewa miaka miwili baada ya ule wa kwanza. Alitukalisha kwenye semina, akatupa soda na makabrasha.

Nikanyoosha mkono. "Samahani bosi. Inalipa radi?"

"Radi ni kazi ya Mungu, mama."

"Umeme ukikatika halafu ukarudi kwa kishindo?"

"Hiyo ni ya watu wa umeme."

"Sisimizi wakijenga ndani?"

"Wadudu hapana."

"Sasa bosi, huku kwetu televisheni inauawa na hao watatu. Aliyebaki ni nani?"

Wenzangu wakacheka. Mkaguzi naye akacheka, kisha akaandika kitu kwenye daftari lake. Tukaambiwa kila tawi lina idadi yake ya kuuza kwa mwezi. Tukauza. Kwa miaka yote niliyoiuza, wateja walioilipia na kweli ikaja kuwafaa wangetosha benchi moja la kanisani, tena wakikaa kwa kujiachia.

Mmoja ambaye hangekaa kwenye benchi hilo ni Mama Restituta.

Alikuja baada ya mavuno, kutoka Mbingu, mkulima wa mpunga, umri wetu karibu sawa. Binti yake Restituta alikuwa ameposwa na kijana wa Lipangalala, na mama alitaka televisheni ya inchi hamsini na tano ya kumkabidhi mbele ya wakwe siku ya sendofu, yaani sherehe ya kumuaga binti. Tulipatana bei kwa muda mrefu. Alikuwa hodari. Kila nikishuka yeye anafunga khanga kama anaondoka, na kila akifunga khanga namwachia afike mlangoni.

"Dada, unaniua," nilimwambia.

"Nikuue wapi, mtu umenenepa hivyo? Punguza."

Tukakubaliana. Nikachukua kisu nifungue boksi, akanishika mkono.

"Unafanya nini?"

"Tunaiwasha mezani. Ndiyo sheria."

"Hapana, dada yangu. Zawadi ya sendofu haifunguliwi. Wakwe wakiona gundi imekatwa watasema tumewapa mtumba."

Nilimweleza habari ya doa na kioo. Nikamwambia tutaifunga tena kwa gundi ileile. Akatikisa kichwa. Ndipo Meneja wa Tawi, wa tatu huyo tangu nianze, kijana wa suruali za kubana, akatoka ofisini kwake.

"Mama, usiteseke. Usifungue. Chukua waranti ya nyongeza, uko salama miaka mitatu. Ina maana gani kuwasha?"

Mama akafurahi. Akalipa laki moja na nusu juu ya bei. Tatizo likabaki kwangu, kwa sababu kampuni haikupokea waranti ya nyongeza ya televisheni ambayo haikuwashwa. Nilimtazama Meneja. Naye akatazama fomu.

"Weka tiki, mama. Mwezi unaisha na hatujafika idadi."

Nikaweka tiki kwenye Ndiyo. Ilinichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Kwa upande wa bwana harusi kukatokea msiba, shughuli zikasogezwa. Masika yakapita, na televisheni ikakaa Mbingu chini ya kitanda cha mama, imefunikwa kitenge. Sendofu ikaja kufanyika miezi kumi na sita tangu siku ya risiti. Wakaipeleka na utepe mwekundu, vigelegele juu. Kesho yake ikafunguliwa Lipangalala, ikachomekwa. Sauti ilikuwepo, lakini badala ya picha kukawa na michirizi kama mvua ya wino. Kioo kilikuwa na ufa kwa ndani.

Mama mkwe wa Restituta hakupiga kelele. Alisema sentensi moja tu, na ikafika Mbingu kabla ya jua kuzama: "Wametuletea jeneza lenye utepe."

Wiki hiyohiyo Mama Restituta alisimama mbele ya meza yangu, fomu mkononi.

"Dada, ulisema miaka mitatu."

Sikuwa mimi niliyesema, lakini nilikuwepo. Nikatuma madai. Jibu likarudi: waranti ya kiwanda imekwisha, ya nyongeza hailipi kioo kilichopasuka, na kwa kuwa fomu inaonyesha televisheni iliwashwa dukani ikiwa nzima, ufa umetokea kwa mteja. Nikalisoma mara mbili. Mara ya pili niliona kilichomfunga mama kilikuwa tiki yangu.

Mpaka leo sijui kioo kile kilipasukia wapi. Huenda ni kwenye lori la kutoka Dar, huenda ni kwenye pikapu ya kwenda Mbingu, huenda ni chini ya kitanda. Ndiyo maana ya kuwasha mezani: ili mtu ajue. Na mimi nilikuwa nimeandika kwamba tunajua.

"Na binti yako?" nikamuuliza.

"Hasemi kitu. Akinipigia simu ananiuliza habari za mpunga." Akakunja fomu. "Afadhali angelia."

Nikaingia kwa Meneja nikamwambia nitaiandikia kampuni barua kwamba haikuwashwa.

"Mama, umebakiza muda gani kustaafu?"

Nikahesabu kwa vidole chini ya meza. Saba. Nikahesabu tena, bado ilikuwa saba.

"Miezi saba."

"Ukiandika hiyo barua, umekiri umejaza fomu ya uongo. Sisemi wakufukuze. Ila kiinua mgongo chako kitapita mikono ya watu wenye hasira."

"Na wewe uliyeniambia niweke tiki?"

"Kuna sehemu nimeandika?"

Hakuna. Hata hapo alikuwa mkweli. Nilirudi kwenye meza yangu nikiwa nimechoka uchovu usiotoka kwa kulala. Kiinua mgongo kile nilikuwa nimeshakipangia bati za nyumba. Nikaandika barua. Ilikuwa na mistari minne, nikaisoma mara mbili, nikaipeleka mwenyewe kwa wakala wa mabasi.

Msinivike taji. Majibu yalikuja nusu nusu. Kampuni ilisema kwa kuwa televisheni haikuwashwa, mkataba wa nyongeza ni batili tangu mwanzo, kwa hiyo mteja arudishiwe laki moja na nusu yake. Televisheni yenyewe hawahusiki nayo. Mimi nikapewa barua ya onyo na kuhamishiwa stoo. Kiinua mgongo kilikuja kikiwa kimekatwa, na upande mmoja wa nyumba yangu bado una bati za zamani.

Mama Restituta alipokuja kuchukua pesa nilimkuta dukani anaitazama televisheni ya inchi thelathini na mbili ya dirishani, ile ya maonyesho. Nikamwita Meneja.

"Hii bei gani?"

"Laki mbili na ishirini."

"Ya maonyesho? Imewaka mwaka mzima hapo, haina boksi, rimoti imefutika namba. Laki moja na nusu."

"Mama, wewe uko stoo. Unauza au unanunua?"

"Niko stoo, sijafa. Laki moja na nusu."

Tulimalizana laki moja na sabini, mama akaongezea ile ishirini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kubana bei nikiwa upande ule wa kaunta, na nakiri ilinipendeza.

Tukaipeleka Lipangalala kwa bajaji, sisi wawili, imefungwa kitenge tu. Mama mkwe alitupokea kwa adabu, akatupa viti, akaitazama.

"Haina boksi."

"Haina," akasema Mama Restituta. "Ile kubwa ndiyo ilikuwa na boksi. Mwanangu, chomeka."

Restituta akachomeka. Ikawaka. Nikawapitishia rangi zote kwa mazoea ya kazi: nyeupe, nyekundu, nyeusi. Tukaiangalia mpaka nusu saa ikaisha. Mama mkwe akatikisa kichwa taratibu.

"Ndogo," akasema. "Lakini ina macho." Kisha akamgeukia mkwewe. "Restituta, wape mama zako chakula."

Mama Restituta alikula. Mimi nilimwona akihema kwanza.

Sasa nimekaa nyumbani, miguu inauma kwa kusimama miaka mingi. Wanaopita kuuliza kama waranti ya nyongeza inalipa nawajibu hivi: pesa hiyo nunua kilinda umeme, chomoa nyaya mawingu yakianza kukusanyika upande wa milimani, na kilichobaki weka kwa ajili ya fundi. Kama bado unaitaka, isome kuanzia sehemu ya mambo isiyoyalipa, maana ndiyo ndefu. Na zawadi au si zawadi, washa mezani. Wakwe watasamehe gundi iliyokatwa.

Siku ya kuniaga, wafanyakazi walichanga, na Meneja yuleyule ndiye aliyenikabidhi: televisheni kwenye boksi, gundi haijaguswa, utepe mwekundu. Watu wakapiga makofi. Nikalinyanyua kidogo upande mmoja. Lilikuwa na uzito. Nikaomba kisu.

"Mama jamani," akasema Meneja, "umeme umekatika tangu asubuhi. Si utaiwasha nyumbani?"

Nikavuta kiti, nikakaa kando ya boksi.

"Utarudi," nikasema. "Leteni soda."