Mashine Niliyoipaka Mafuta ya Kondoo

Mume wangu aliniachia ng'ombe wawili, shamba la mahindi na mashine ndogo ya kukereza mbao. Ng'ombe nawajua. Mashine niliijua kwa kumwangalia yeye akifanya kazi. Alipofariki nikaendelea kukereza miguu ya vigoda na mipini ya majembe, na watu wa Karatu wakanunua. Shule sikusoma sana, lakini mguu wa kigoda hauulizi cheti.

Mwaka jana mashine ikaanza kuguna. Nikiwasha inanguruma, lakini haizunguki mpaka niisukume kwa mkono. Nikasema ni baridi. Huku kwetu mwezi wa saba hata jogoo anawika kwa kukohoa. Nikaifunika blanketi, haikusaidia. Basi nikafanya kama mama yangu alivyomfanyia kila anayekohoa, awe mtu au ndama: nikayeyusha mafuta ya mkia wa kondoo, nikaipaka kila penye tundu. Mkono wangu si wa kubania. Asubuhi nikamkuta mbwa wa jirani anailamba mashine kwa heshima kubwa.

Siku hiyo hata kwa kusukumwa ikakataa. Mwanangu alipokuja kunisalimia, akaiinamia, akanusa.

"Mama, hii imekufa, tena imeanza kuoza. Jumamosi naleta mtu wa chuma chakavu."

"Mashine ya baba yako?"

"Baba mwenyewe angeiuza."

Bila mashine ile ningekuwa bibi wa kukaa uani na kungoja kuletewa sukari.

Mkewe alikuwa anaosha vyombo. Mkwe wangu huyu nilishamhukumu zamani, maana ugali wake una madonge. Amekulia Oldeani, kwenye mashamba ya kahawa, ambako baba yake alikuwa akitengeneza mashine za kumenya kahawa. Mume wake alipoondoka, akafuta mikono, akaja.

"Inanguruma bila kuzunguka, mama? Basi mota bado nzima. Itakuwa kapasita, ile inayoipa nguvu ya kuanza."

"Umejuaje wewe?"

"Wenzangu walipokuwa wanacheza rede, mimi nilikuwa namshikia baba tochi."

Akachomoa waya ukutani. Nikapeleka mkono nifungue, akanizuia.

"Bado, mama. Umeme unabaki humo ndani."

"Kitu kikishakatwa kimekatwa, mwanangu."

"Kwani kuku ukimchinja hakimbii?"

Akachukua bisibisi yenye mpini wa plastiki, akafungua kifuniko, akagusisha zile ncha mbili za kapasita. Paa! Nikajikuta niko nje, kanga nimeiacha ndani, namwita Yesu kwa Kiiraqw.

Kilichotoka humo ni kikopo kidogo, kimevimba kama tumbo la mbuzi aliyevamia mahindi. Tukaenda nacho mjini. Muuzaji akatuwekea viwili mezani, nami nikashika kilicho kinene.

"Hiki ndicho chenye nguvu," nikasema, nikikipima mkononi kwa uhakika wa mnunuzi wa beberu.

"Si beberu, mama," mkwe akaninong'oneza. "Namba zake zilingane na za kile kibovu."

Muuzaji akageukia ukuta, akawa anapanga nyaya ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Nyumbani alianza kwa kufuta mafuta yangu, na kazi hiyo ilimchukua muda mrefu kuliko kufunga kapasita. Nikamuuliza waya upi unatangulia. Akasema kwa kapasita ya aina hii wowote tu. Sikumwamini, nikasimama mbali. Akawasha. Mashine ikazunguka yenyewe, haikuguna, haikungoja mkono wa mtu.

Jumamosi mwanangu alifika na mwenye pikapu. Walinikuta nakereza, vumbi la mbao limenijaa mpaka kwenye nyusi.

"Nani ametengeneza?" akauliza.

"Sisi," nikasema.

Mkwe wangu akaendelea kufagia, hakuinua uso.

"Sisi nani?"

Nikazima mashine. Nikakohoa kidogo, nikatazama ufagio.

"Mkeo."

Neno hilo moja lilikuwa gumu kutoka kuliko nati yenye kutu. Mwanangu akatoka kumwambia mwenye gari arudi mikono mitupu, na yule akaanza kulalamikia petroli yake. Nikawasha mashine kabla hajafika mbali, nisimsikie.