Baba Mkwe na Shina la Neno Mgeni

Baba mkwe wangu hana dogo. Alifundisha Kiingereza maisha yake yote, na tangu astaafu kazi yake ni kufukua maneno ya watu. Ukimwambia msuli unakuuma, atakueleza kwamba neno la Waingereza la msuli limetoka kwa Warumi, na kwa Warumi lilimaanisha panya mdogo. Utajichua mwenyewe mpaka upoe, yeye hajafika mwisho. Marehemu mama mkwe alikuwa akinawa mikono na kuondoka mezani. Mimi nilivumilia kwa sababu mume wangu aliniomba.

Mama yangu alipovunjika nyonga, daktari alimruhusu aje kukaa kwetu kwa sharti asipande ngazi. Nyumba yetu ina chumba kimoja tu cha chini, na mzee ndiye anayelala humo, yeye na makamusi yake. Juu kuna chumba kitupu. Nikamwomba kwa adabu wakati wa chakula, mama akiwa pale pale, magongo yake yameegemea kiti.

"Baba, tunaomba umpishe mama hapo chini mpaka apone. Wewe ngazi unazipanda vizuri tu."

 Mzee akapangusa midomo.

"Mnalijua neno 'guest' la Waingereza? Mgeni. Lina ndugu yake kwenye Kilatini, 'hostis'. Zamani lilikuwa mgeni tu, mtu wa kutoka nje. Baadaye likawa adui. Yote mawili shina lake moja, la lugha kongwe ambayo hakuna aliyeiandika. Wataalamu wamelipata kwa kulinganisha." Akamkazia mama macho. "Watu wa kale hawakuwa wajinga."

Mama aliweka kijiko chini.  Nikamgeukia mume wangu aseme neno, naye alikuwa anachambua miiba ya samaki kwa umakini wa ajabu.

"Asante kwa somo, mkwe," mama akasema. "Mwanangu, nipe magongo yangu."

"Kaa, mama. Chumba utapata."

"Kitanda cha huyu? Bora nilale barazani."

Akasimama kwa taabu, jasho likimtoka. Mzee hakusogeza hata kiti ampishe njia.

Nikamfikisha barazani, nikamkalisha kwenye kiti changu cha cherehani. Mume wangu akatufuata, akisema kwa sauti ya chini ili baba yake asisikie.

"Usikuze mambo. Mzee alikuwa anaeleza neno tu."

"Ita teksi," nikamwambia. "Tunaondoka wawili, mimi na mama."

Nikapanda juu kufungasha nguo zangu.