Marehemu Bangu Mu Serveur

Masomo yangu iliishia ku mwaka ya tatu primaire, njo maana bantu banipendaka kunielezea bintu polepole na sauti ya juu, sawa vile niko kiziwi. Lakini majina sisahau. Ya bantu bote ba camp ya treni kwenye nilizaliwa, na ya imbwa zabo.

Wakati ile inchi ilikuwa inaanguka tena, tulishazoea. Biro za mujini zilifungwa, na bakubwa balikuwa ku hoteli Karavia banapumzika, juu kufunga biro nayo ni kazi. Mujukulu wangu, mwenye alibakia kwangu kisha baba yake kufa, alikuwa anafanyia kazi ku meza yangu ya kulia. Alikuwa anachunga site ya internet ya kuonyesha makaratasi ya malori. Patron yake, muchuuzi wa Kivu ya Kaskazini, alikuwa na malori ine ya samaki ya barafu mu foleni ya mupaka ya Kasumbalesa. Asubui ile ba douane, batoza kodi ba mupaka, balifungua site, ikabaambia kama haiaminike. Mazuti ya mashini ya kupoozesha samaki ilibakia ya kufika mangaribi tu. Patron hakupandisha sauti. Alimwambia samaki ikioza, atafute kazi fasi ingine.

Mujukulu akanielezea, polepole. Kuko serveur mbili, mashini zenye kubeba site. Ya mbele inapokea bageni, ya nyuma inatumika. Kabla ya kusemezana, ya nyuma inaonyesha sertifika yake, sawa kitambulisho. Sertifika ya ile ya mbele ilikuwa mupya, inangaa. Ya nyuma siku zake zilikwisha jana, basi mwenzake akakatala kusemezana naye. Nikamwambia hiyo naijua, ni bakwe zangu kabisa.

Tufanye ingine, nikasema. Haiwezekane, akasema: kle, ufunguo ya serveur ya nyuma, iliandikishwa ku biro ya mupaka, na ya kubadilisha inaomba barua, na biro, basi. Lazima sertifika mupya itoke ku kle ileile. Na kle ilikuwa ndani ya fishie ya ordinatere yenye kufungwa na mot de passe, neno ya siri, na mot de passe ilikuwa mu kichwa ya ingénieur mumoja, mupangaji wangu wa zamani, mwenye alikimbilia Zambia ku masasi ya kwanza pamoja na matela yangu ya kulalia. Siri haiandikwe, alituambiaka. Akili mingi.

Kisha kupiga simu asubui muzima, tukamupata.

«Uliza kambo,» akasema; kambo ni mimi. «Ni marehemu bake, vile anabaita ku sala. Herufi ya kwanza ya kila jina.»

Reso ya simu ikakatika.

Kumbe. Kila mangaribi nilikuwa nabataja kwa sauti, bukari inapoa, na ule mupangaji ku meza amefunga macho. Nilisemaka, huyu anaogopa Mungu. Na siri yake kubwa ilikuwa inapita juu ya kibambazi, majirani bote banaitika amina.

Nikataja. Mujukulu akaandika. Ikakatala. Nikarudilia, mimi sikosei. Ikakatala tena. Patron akapiga simu, mujukulu hakuitika.

Nikamuuliza hii kle ilifungwa siku gani. Akaangalia: miaka mbili nyuma, ku Pasaka.

Mimi nabapangaka marehemu vile balizaliwa, hapana vile balikufa, juu kufa hakufuate mustari. Toka ile Pasaka babili baliingia katikati: mudogo wangu mwanamuke, na mutoto wangu wa pili.

«Utoe mudogo wangu,» nikasema. «Na utoe baba yako. Siku ile alikuwa muzima.»

Kidole yake ikabakia juu ya klaviye. Kisha akafuta. Fishie ikafunguka bila makelele, akatengeneza sertifika mupya, na ba douane bakaona makaratasi.

Saa kumi malori ilivuka, samaki ingali ngumu. Patron alituma kilo mbili, mukubwa huyo.

Mujukulu akaweka mot de passe ingine, akanikataza hata kuuliza. Mangaribi, juu ya sécurité, nikasali chini-chini, majirani babakie na njaa. Nilipofika ku jina ya baba yake, akanishika mukono.

«Kambo, huyu umuite kwa sauti.»