Sahani Iliyochelewa Kurudi

Nasim alikuwa ameandika hadithi ndefu saba, na idadi ya wasomaji wake Mungu ndiye aliyeijua. Zote aliziandika kwenye meza ya jikoni kwake Southall, London, asubuhi kabla ya kwenda kufua mashuka ya hospitali, na alipostaafu akaendelea asubuhi vilevile, maana mkono ulishazoea. Aliandika kwa Kiswahili cha Unguja, alichotoka nacho mwaka sitini na nne pamoja na sanduku moja. Sanduku lilishaoza zamani. Binti yake Shelina alimuuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, nani atasoma yote hayo. Nasim akamjibu kwamba mbona jirani anapanda mawaridi na hakuna anayemuuliza atamuuzia nani.

Mchapishaji wa kuvitaka vitabu hivyo hakupatikana. Jaswant, mwenye duka la fotokopi, ndiye aliyevitoa, nakala arobaini kila kimoja. Kisha Nasim alifanya alivyolelewa: alipika vileja, akavipanga sahanini, akaweka na kitabu kando, akafunika kwa kitambaa na kuwapelekea wanaojua Kiswahili. Na kwetu sahani hairudi tupu. Ya Priscilla, muuguzi wa Lewisham, ilirudi na mandazi. Nyingine zilirudi na maembe, moja hata na sabuni. Zote zilirudi na neno lilelile, kwamba kitabu kizuri sana. Nasim alishukuru kwa dhati, ila moyoni alitamani atokee mtu amtajie japo jina moja la mtu wa kitabuni.

Kitabu cha saba kilipotoka, sahani zilirudi zote isipokuwa ya Pradip, mzee wa Tanga aliyeuza misumari na makufuli maisha yake yote. Wiki ya tatu Nasim akaanza kununa. Wiki ya tano akavaa koti akaenda kuidai.

Pradip alimkaribisha chai. Sahani ilikuwa juu ya kabati, imeoshwa, inang'aa. Nasim akauliza, kwa upole wa mtu aliyekasirika, kama kuna ubaya wowote baina yao.

"Sahani sirudishi, Bi Nasim," alisema. "Umeniletea kitabu nusu. Rukia yuko stesheni, tiketi mkononi, nafungua ukurasa, nakuta jalada. Mwezi mzima nimekaa naye pale stesheni. Anapanda au hapandi?"

Nasim akakifungua kitabu. Kweli, kurasa kumi na moja za mwisho hazimo. Jaswant alizisahau wakati wa kufunga, na yeye Nasim akishaandika huwa hasomi tena. Alirudi nyumbani akakagua nakala alizobakiza, zote ziko hivyo. Basi wale wote waliosifu, hata mmoja hakufika mwisho. Alikaa kitako akingoja uchungu, akashangaa kujikuta anacheka peke yake, maana kumbe yupo aliyefika.

Kesho yake alimpelekea Pradip kurasa zile kwa mwandiko wake. Mzee alisoma kwa miwani mbili, moja juu ya nyingine, na Nasim akaiacha chai ipoe. Alipomaliza akatikisa kichwa.

"Hapana, Bi Nasim. Mwanamke aliyeuza bangili za mama yake apate tiketi, harudi kwa mume. Umemwonea."

"Pradipbhai, ana watoto."

"Watoto wamekua. Umesema mwenyewe, ukurasa wa tisini."

Walibishana mpaka birika la pili. Nasim aliondoka na sahani yake, juu yake dhokla, vitafunio vya unga wa dengu, na njia nzima alimshukuru Mungu kwa sauti mpaka watu wa kwenye basi wakamtazama. Angeandika hata bila Pradip, hilo alilijua. Lakini miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumgombeza kwa ajili ya mtu aliyemtunga mwenyewe.

Asubuhi alifungua daftari jipya, akamrudisha Rukia stesheni, akampandisha treni.